Kitanda Usichokilalia Hujui Kunguni Wake: Tuchunguze Maisha ya Kina Mama Kabla ya Kuanza Mradi



Tuseme kikundi chenu hapo Kimaeti, Kabula au Khasoko kimepata Sh 100,000. Zimetoka wapi, hayo tuyaache kwanza. Kamati inaketi chini ya mwembe. Mwenyekiti anasema, "Tununue kinu cha posho, kina mama wapumzike." Mweka hazina anasema, "La, tulinde chemchemi." Katibu anataka kuku wa gredi. Na kila mmoja wao anamaliza kwa maneno yale yale: "Hicho ndicho kina mama wanataka." Mwishowe mwenye sauti kubwa anashinda. Kinu kinanunuliwa, kinafunguliwa kwa shangwe. Mwaka ukiisha kimefungwa kufuli.

Kwa nini? Kumbe kina mama wengi husaga gorogoro moja au mbili tu kwa wakati, tena jioni, baada ya kuuza mboga na kupata shilingi mbili tatu. Kinu kilifungwa saa kumi na moja. Na ng'ambo ya kijito kulikuwa na kinu kingine ambacho mwenyewe anakubali kusaga kwa deni. Mambo haya mawili kila mama wa kijiji aliyajua. Hakuna aliyemwuliza.

Hadithi hii tumeitunga. Lakini tunadhani wengine wenu mmeshaanza kutabasamu, manake mnaujua mradi wa namna hiyo. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo tunataka kueleza jinsi kikundi kinavyoweza kuwauliza wanaokilalia kitanda, kwa utaratibu, kabla pesa hazijatumika. Kazi hiyo inaitwa utafiti. Msiogope neno hilo. Si kazi ya watu wa chuo kikuu peke yao.

UTAFITI WA AINA MBILI

Kuna aina mbili zinazotuhusu.

Ya kwanza ni utafiti wa wanunuzi. Makampuni ya sabuni na mafuta ya kupikia yamefanya hivyo kwa miaka mingi. Wanataka kujua mtu ananunua nini, kiasi gani, siku gani, na kwa nini anaacha hiki na kuchukua kile. Ndiyo sababu siku hizi dukani kuna sabuni iliyokatwa vipande na mafuta ya kupimiwa kidogo kidogo. Mwenye kiwanda alichunguza akaona kwamba mama wa kijijini anapata pesa kidogo kila siku, si nyingi mwisho wa mwezi.

Ya pili ni utafiti wa jamii. Huu unauliza watu wanaishi vipi: nani anaamka kwanza, nani anachota maji, nani anaamua pesa ya mahindi itumike vipi, nani haji mkutanoni na kwa sababu gani.

Kampuni inachunguza ili iuze. Sisi tunachunguza ili mradi umfae mtu. Lakini njia ni karibu zile zile, na hakuna ubaya kuiga njia nzuri.

Wengine wenu waliopitia mafunzo ya DELTA mtakumbuka jambo hili. Mafunzo hayo yalianza hapa Kenya miaka ya 1970, yakiongozwa na Anne Hope na Sally Timmel, ambao baadaye, mwaka 1984, walitoa vitabu vyao viitwavyo Training for Transformation. Waliwafundisha viongozi wa vijiji kwanza kusikiliza. Nendeni kisimani, sokoni, kwenye matanga, kwenye foleni ya kliniki. Sikilizeni watu wanalalamikia nini, wanaogopa nini, wanacheka nini. Msianze kufundisha kabla hamjasikia.

Sasa tuangalie mifano ya kweli iliyotokea karibu na kwetu. Mmoja ulifanyika hapa Bungoma.

MFANO WA KWANZA: NETI YA SHILINGI 40

Zamani kulikuwa na ubishi mkubwa juu ya neti za mbu zenye dawa. Wengine walisema, "Mama mjamzito apewe bure." Wengine wakajibu, "Hapana! Kitu cha bure hakina heshima. Atakitumia kuvulia samaki. Mwache alipe kidogo, ndipo atakithamini." Wote walisema kwa nguvu. Wote walidai kwamba wanawajua kina mama.

Mwaka 2007 watafiti wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, waliamua kupima badala ya kubishana. Walichukua kliniki 20 za wajawazito katika wilaya za wakati ule za Busia, Bungoma, Butere na Mumias. Kwa bahati nasibu, baadhi ya kliniki zilitoa neti bure, nyingine zikauza kwa Sh 10, nyingine Sh 20, nyingine Sh 40. Kisha waliwafuata kina mama nyumbani kuona kama neti imefungwa juu ya kitanda.

Walipata nini? Bei ilipotoka bure hadi Sh 40, kina mama waliochukua neti walipungua kwa watu 60 hivi katika kila 100. Shilingi arobaini tu! Na je, wale waliopewa bure waliidharau? La. Walioipata bure waliitumia sawa na wale walioinunua.

Tuangalie vizuri somo lililomo. Mama aliyeondoka kliniki bila neti hakuwa amekataa neti, wala hakuwa mjinga wa malaria. Siku ile hakuwa na Sh 40 mkononi ambazo hazikuwa na kazi nyingine. Mtu aliyekuwa akimtazama kutoka ofisini angesema, "Hawa hawajali." Utafiti ulionyesha kwamba kutojali na kutokuwa na pesa siku hiyo ni vitu viwili mbalimbali. Mwaka huo huo wa 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo kwamba neti zigawiwe bure au kwa bei ndogo sana, na ziwafikie wote walio hatarini.

MFANO WA PILI: MIGUU HUSEMA KWELI KULIKO MDOMO

Huko Busia, kuanzia mwaka 2004, watafiti wakiongozwa na Michael Kremer na Edward Miguel walichunguza karibu chemchemi 200. Nyingine zilijengewa saruji na bomba ili maji yasichafuliwe, nyingine zikasubiri zamu yake. Kuharisha kwa watoto wadogo kulipungua kwa karibu robo pale chemchemi zilipolindwa. Hiyo ni habari njema, na vikundi vinavyofikiria kulinda chemchemi viishike.

Lakini kulikuwa na swali lingine: je, maji safi yana thamani gani kwa mama mwenyewe? Watafiti waliuliza kwa mdomo. Halafu wakatazama pia miguu: mama atatembea dakika ngapi zaidi kupita chemchemi ya karibu ili afike ile iliyolindwa? Thamani iliyotajwa kwa mdomo ilikuwa kubwa. Ile iliyoonyeshwa na miguu ilikuwa ndogo zaidi.

Je, kina mama walidanganya? Sivyo. Mgeni akikuuliza kama maji safi ni mazuri, utasema nini isipokuwa ndiyo? Lakini kila dakika ya kutembea inatoka kwenye kulima, kupika au kumnyonyesha mtoto. Muda wa mama ni pesa ambayo hatuioni.

Ndiyo sababu jambo jingine lilifanikiwa. Dawa ya klorini ya kusafisha maji ilikuwa dukani kwa bei nafuu, na walioinunua walikuwa wachache. Ilipowekwa bure kwenye chombo chenye kifunguo, kando ya chemchemi, waliotumia waliongezeka sana. Mama anachota, anaongeza dawa hapo hapo, anakwenda zake. Hakuna safari ya dukani, hakuna kusahau, na jirani anamwona na kufanya vile vile. Dawa ilikuwa ile ile. Ni mpangilio uliofuata maisha ya mama, badala ya mama kufuata mpangilio.

MFANO WA TATU: SANDUKU LENYE KUFULI

Huu utawapendeza watu wa merry-go-round. Pascaline Dupas na mwenzake Jonathan Robinson walifanya kazi na vikundi zaidi ya 100 vya kuchangiana pesa huko Busia, ambavyo wanachama wake wengi ni kina mama. Walitaka kujua: kwa nini mtu hana akiba ya matibabu, hali anachanga kwenye kikundi kila wiki bila kukosa?

Wanachama wengine walipewa sanduku la kawaida lenye kufuli na ufunguo wao wenyewe. Basi, hilo tu. Hakuna riba, hakuna mkopo. Waliokuwa na sanduku waliongeza pesa walizotumia kwa kinga ya afya kwa karibu asilimia 66 wakilinganishwa na wasiokuwa nalo. Wengine walipewa sanduku ambalo ufunguo wake ulikaa kwa afisa. Hilo halikuwasaidia vile, kwa sababu mtoto akiugua usiku pesa zimo ndani na ufunguo uko mbali.

Kwa nini sanduku tu lisaidie hivyo? Kwa sababu pesa iliyo kwenye leso ni pesa ya kila mtu. Shemeji ana shida, jirani ana matanga, baba watoto anataka ya bodaboda. Kukataa ni vigumu, tena ni aibu. Lakini pesa iliyo kwenye sanduku ina jina lake: ni ya hospitali. Mama anaweza kusema, bila kuonekana mchoyo, "Hiyo ina kazi yake."

Watafiti hao hao walifungulia watu wa soko la Bumala, Busia, akaunti katika benki ndogo ya kijiji. Akaunti haikutoa riba, na kutoa pesa kulilipiwa. Ungedhani hakuna atakayeitaka. Lakini kina mama wachuuzi waliitumia, wakaweka akiba zaidi na kuongeza mtaji wa biashara. Kwa wanaume wa baiskeli za bodaboda badiliko kama hilo halikuonekana. Kumbe mwanamke alikuwa tayari kulipa ili pesa yake ilindwe. Hilo linatueleza juu ya maisha ya nyumbani kwake kuliko hotuba nyingi.

MFANO WA NNE: SAA ZA MAMA

Mwaka 2021 Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, lilipima jinsi Wakenya wanavyotumia saa 24 za siku. Wanawake wa miaka 15 na zaidi walitumia asilimia 18.7 ya muda wao kwa kazi za nyumbani na za kutunza watu, kazi zisizolipwa. Hiyo ni kama saa nne na nusu kila siku. Wanaume walitumia asilimia 3.6, yaani chini ya saa moja. Tofauti ni karibu mara tano.

Kwa hivyo, kikundi kikiweka mkutano saa nane mchana na kina mama wakachelewa, tusikimbilie kusema ni wazembe. Na kila mradi mpya uulizwe swali hili: utamwongezea mama saa ngapi za kazi, au utampunguzia ngapi? Kuku 200 wa gredi wanataka maji mara kwa mara. Nani atayachota?

ONYO: PESA ZIKIINGIA, NANI HUTOKA?

Hili tunalisema kwa uzito. Mary Kay Gugerty na Michael Kremer walichunguza vikundi 80 vya kina mama huku magharibi mwa Kenya. Vingine vilipata msaada wa wafadhili mapema, vingine baadaye, kwa hivyo iliwezekana kulinganisha. Vile vilivyopata msaada vilipendwa ghafla. Waliingia wanawake vijana wenye elimu na kipato. Uongozi ukaanza kwenda kwa wasomi na hata kwa wanaume. Na waliotoka zaidi walikuwa kina mama wazee, wale ambao kikundi kiliundwa kwa ajili yao.

Hakuna aliyewafukuza. Walisukumwa polepole, mkutano baada ya mkutano, hadi wakanyamaza na kubaki nyumbani.

Siku hizi vikundi vingi vinatafuta mikopo ya serikali, kama ile ya Women Enterprise Fund iliyoanza mwaka 2007, pamoja na misaada ya kaunti na ya makanisa. Ni vizuri. Lakini kabla na baada ya pesa kuingia, chukueni rejista mkahesabu: nani alikuwepo mwaka jana na leo hayupo? Mwendeeni nyumbani. Huo nao ni utafiti, na pengine ndio ulio muhimu kuliko wote.

JINSI YA KUFANYA WENYEWE

Kikundi cha watu 20 kinaweza kufanya uchunguzi mzuri kwa wiki tatu, kwa daftari, kalamu na kikombe cha maharagwe. Fuateni hatua hizi.

1. Chagueni swali moja. Msiulize "Maisha ya kina mama yakoje?" Hilo ni kubwa mno. Ulizeni: "Ni kazi gani inayomchukulia mama muda mwingi zaidi msimu wa palizi?" Au: "Kina mama wa hapa hununua unga wapi, na kwa nini huko?"

2. Chagueni wa kuulizwa kwa haki. Tukiuliza marafiki zetu tutapata majibu yetu wenyewe. Andikeni majina ya nyumba zote za kijiji, mzee wa kijiji atawasaidia. Tuseme ziko 120 na mnataka 20. Gawanyeni: 120 kwa 20 ni 6. Weka karatasi za namba 1 hadi 6 kwenye kofia, toa moja. Ikitoka 4, mtatembelea nyumba ya 4, ya 10, ya 16, mpaka mwisho. Kisha tazameni: je, wamo wajane? Wamo mabinti waliozaa wakiwa shuleni? Wake wa pili? Waliokodi nyumba sokoni? Kama hawamo, ongezeni wachache wao, na mwandike kwamba hao mliwaongeza.

3. Fanyeni kalenda ya siku. Keti na kina mama sita au saba peke yao. Chora mstari mrefu chini, alfajiri upande mmoja, usiku upande mwingine. Kila mama apewe maharagwe 24, moja kwa kila saa, ayapange: kuchota maji, kuni, kupika, shamba, soko, mtoto, kulala. Kisha wanaume wafanye yao mahali pengine. Mwishowe mistari miwili iwekwe pamoja. Hakuna haja ya kulaumu mtu. Maharagwe yatazungumza yenyewe.

4. Fanyeni kalenda ya mwaka. Andikeni miezi 12. Miezi gani mnapanda, mnapalilia, mnavuna? Ghala huisha lini? Karo hudaiwa lini? Malaria huzidi lini? Mara nyingi mtaona kwamba palizi, njaa na ugonjwa huja pamoja. Mradi unaodai mchango mwezi huo utaanguka, hata uwe mzuri namna gani.

5. Wekeni daftari la manunuzi. Kina mama kumi waandike kwa wiki moja kila walichonunua: nini, kiasi gani, bei, na nani aliamua. Asiyeandika asaidiwe na mtoto wa shule. Halafu pigeni hesabu. Mama akinunua mafuta ya kupikia ya Sh 20 kila siku, kwa siku 30 ni Sh 600. Pimeni kwa chupa mwone amepata mafuta kiasi gani kwa pesa hizo, na lita nzima ingegharimu ngapi. Tofauti hiyo ni pesa yenu. Pengine mradi mnaohitaji si kuku, ni kununua mtungi mkubwa pamoja na kugawana.

6. Jaribuni kidogo kabla ya kuanza kikubwa. Msiulize, "Mtanunua sabuni yetu?" Kwa adabu kila mtu atasema ndiyo. Tengenezeni vipande 40 tu. Uzeni 20 kwa bei moja soko la wiki hii, na 20 kwa bei nyingine wiki ijayo. Hesabuni, kisha ulizeni aliyenunua na aliyeshika akarudisha. Huyo aliyerudisha ndiye mwalimu wenu.

7. Rudisheni majibu. Hili husahauliwa sana. Wageni wengi wamekuja vijijini kwetu na makaratasi, wakauliza mpaka jua likatua, wakaenda na hawakurudi. Ninyi msifanye hivyo. Ndani ya mwezi mmoja waiteni walioulizwa, wasomeeni mlichopata, muwaulize: "Je, tumewasikia sawasawa?" Mara nyingi watawasahihisha, nanyi mshukuru.

ADABU YA KUULIZA

Neno "kwa nini" likisemwa vibaya ni kama kesi. Badala ya "Kwa nini hukumpeleka mtoto kliniki?" sema, "Hebu tuelezee, mama, siku ile mtoto alipougua ilikuwaje?" Kisha nyamaza, usikilize.

Tumieni lugha ya nyumbani. Mama atasema kwa Kibukusu jambo ambalo kwa Kiswahili au Kiingereza atalifupisha. Na msisahau mila. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaketi pamoja wakaongea ovyo. Ukimtuma kijana aliyeoa katika boma hilo kwenda kuhoji, hatapata chochote isipokuwa aibu. Mtumeni mama wa rika linalofaa. Kwa mke kijana, jihadharini asiulizwe mbele ya mama mkwe wake. Atajibu yale ambayo mama mkwe anataka kusikia.

Mwambie mtu mapema unachouliza ni cha nini, na kwamba anaweza kukataa, au kuacha katikati. Msiandike majina, andikeni namba. Daftari lifungiwe. Tangu mwaka 2019 tuna sheria ya Kenya ya kulinda habari za watu, lakini hata bila sheria, siri ya mtu ni amana.

Kuna jambo moja ambalo tunaomba msiliweke kwenye maswali yenu, nalo ni kupigwa nyumbani. Si kwa sababu halipo. Katika uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2022, wanawake 34 katika kila 100 wa Kenya walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wakiwa na miaka 15. Bungoma walikuwa 62 katika kila 100, idadi ya juu kuliko kaunti zote. Tuisome namba hiyo kwa unyenyekevu, sisi wa kanisa pia.

Lakini tazameni namna ilivyopatikana. Wahojaji walifundishwa kwa kazi hiyo. Waliuliza mwanamke mmoja tu katika nyumba, faraghani, na mtu akiingia waliacha. Swali hilo likiulizwa ovyo uani, jioni mama anaweza kupigwa kwa sababu alijibu. Kwa hivyo msiliulize. Ila mama akiwaambia mwenyewe, msikilizeni, mwaminini, msilipeleke barazani. Mwambieni kwamba kuna simu ya bure, namba 1195, na mmsindikize hospitali au polisi akitaka mwenyewe.

"JE, NA SISI WANAUME?"

Swali hilo huulizwa kila tunapofundisha jambo hili. Baba mmoja husimama nyuma na kusema, "Kila siku kina mama, kina mama. Sisi hatuna shida?"

Mnazo, baba. Kalenda ya siku inafanywa na pande zote mbili kwa sababu hiyo. Lakini katika mikutano mingi sauti ya baba imeshasikika: ndiye anayeketi kwenye kiti, ndiye mwenye jina kwenye hati ya shamba, ndiye anayepokea mgeni. Ya mama hukaa jikoni. Tunamwuliza mama kwa makusudi kwa kuwa bila makusudi hatasikika. Na mara nyingi baba mwenyewe, akiyaona yale maharagwe 24 yamepangwa chini, hutikisa kichwa na kusema, "Sikujua." Hapo kazi imeanza.

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutumia Sh 100,000 za watu kwa jambo ambalo lingeulizwa bila malipo kisimani.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kumbukeni mradi mmoja uliokufa hapa kwetu. Nani aliuchagua? Nani hakuulizwa?

2. Kama neti ya Sh 40 iliwashinda kina mama wengi, mchango wetu wa kila wiki unawashinda akina nani? Tumewahi kuwauliza faraghani?

3. Chukueni rejista ya miaka mitatu iliyopita. Akina mama wangapi wametoka? Nani atakwenda kuwaona wiki hii?

4. Mkutano wetu unafanyika saa ngapi? Saa hiyo mama mwenye mtoto mchanga anafanya nini?

Someni maswali haya kwa sauti, kwa lugha mnayoielewa wote. Na mtakapofika la tatu, msifunge mkutano kabla hamjapata mtu wa kwenda.